Faili haliendi? Matatizo ya kuhamisha mafaili kwenye mtandao uliobanwa, dalili moja moja

Mbukwenyi wakuu. Karibu kila wiki napigiwa simu na mtu aliyekwama na faili, na mara nyingi ni Ijumaa jioni, ripoti inatakiwa, faili liko kompyuta hii linatakiwa kwenye ile, na katikati kuna mtandao uliobanwa kila kona. Dodoma ya sasa ofisi za hivyo ni nyingi, kule Mtumba, hapa mjini, mpaka wilayani Kongwa na Kondoa, poti (milango yenye namba ambayo huduma za mtandao zinapitia) zimefungwa, flashi hazisomi, intaneti inaruhusu tovuti chache tu na kuna kompyuta nyingine hazijawahi kuiona intaneti tangu zitoke kwenye boksi. Nimepanga kwa dalili, ruka moja kwa moja kwenye yako.

Ila kabla hujagusa chochote jiulize: hiki kitu kimeharibika au kimekatazwa? Wengi wanaonipigia kompyuta zao ni nzima kabisa, kuna mtu wa IT alikaa akafunga makusudi. Kilichoharibika kinatengenezwa, kilichokatazwa kinaombewa ruhusa. Ukichanganya hivyo viwili utashinda unatengeneza kitu kizima, au utatoboa ukuta wa watu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina utani na mtu anayeingia mahali asiporuhusiwa.

Mifano mingi hapa ni ya SFTP na SCP, njia mbili za kutuma mafaili, kwa sababu zote zinapita ndani ya SSH (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali), poti 22, na kinachopita humo kimefichwa. Kama ofisi yenu bado inatumia FTP ya kale, ile ya poti 21, jua kwamba pasiwedi inasafiri wazi na aliyekaa katikati anaisoma kama gazeti. Hilo litatue kwanza, mengine baadaye.

Dalili ya 1: haiunganishi kabisa

Soma maneno yaliyotokea kwenye skrini. Najua inaonekana ushauri wa kitoto ila nikiuliza "imeandikaje?" jibu ni "imeandika eraa tu". Ipige picha basi.

Ikiandika "Connection refused" maana yake umefika mlangoni, umebisha hodi na umejibiwa hapana. Mashine iko hewani, njia ipo, tatizo liko upande wa pili. Sababu ya kawaida kuliko zote ni huduma ya SSH kutowaka. Kwenye Linux ya Ubuntu andika `systemctl status ssh`, kwenye ndugu zake Red Hat ni `sshd`. Kwenye Windows 10 na 11 seva ya OpenSSH, programu inayotoa huduma hiyo ya SSH, haiji imewashwa, unaiongeza mwenyewe kwenye vipengele vya ziada, halafu hata ukishaiongeza haijiwashi yenyewe, fungua PowerShell (dirisha la kuandika amri) kama adimini uandike `Start-Service sshd` na uende kwenye Services uiweke Automatic, la sivyo umeme ukikatika na kurudi unaanza upya kutafuta mchawi. Sababu ya pili ni poti, adimini wengi wanahamisha kutoka 22 kwenda namba nyingine na hawamwambii mtu. Ya mwisho ni fayawoli (mlinzi anayechuja mawasiliano ya mtandao) iliyosetiwa kukataa kwa sauti, hii ni nadra.

Ikiandika "Connection timed out" hiyo umebisha hodi hukujibiwa kitu. Anza na rahisi: kompyuta ya upande wa pili imezimwa au imelala, maana kuna watu wanazima kila kitu ukutani saa 9:30 mchana wakienda nyumbani. Halafu angalia IP, yaani namba ya anwani ya kompyuta kwenye mtandao, kama inatolewa na DHCP (mfumo unaogawa namba hizo wenyewe) inaweza kuwa imebadilika tangu jana. Halafu VPN, ile njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi kutoka mbali, je umeiwasha? Halafu ndio fayawoli, ambayo kwenye mtandao uliobanwa kazi yake ni hiyo hiyo, kumeza maombi kimya kimya.

Kipimo kizuri kwenye Windows ni hiki, weka IP yako:

`Test-NetConnection 10.0.5.20 -Port 22`

Ikirudi TcpTestSucceeded na True, poti iko wazi, acha kulaumu mtandao. Ikirudi False nenda kompyuta nyingine iliyo kwenye swichi moja na hiyo seva ujaribu tena. Ikikubali pale na kukataa kwako basi kuna fayawoli katikati yenu. Kwenye Linux `nc -vz 10.0.5.20 22` inafanya kazi hiyo hiyo. Na tafadhali msitumie ping (amri ya kuuliza mashine kama ipo hewani) kama hakimu, ping inaweza kufungwa na poti ikawa wazi, au ping ikajibu vizuri sana na poti imefungwa, nimeona watu wamezunguka siku nzima kwa sababu ya ping.

Kuna kamoja kanasumbua sana baada ya ofisi kubadilisha rauta au swichi: Windows inauona mtandao kama mgeni na kuuita Public, basi fayawoli yake inabana kushea mafaili hata kama jana vilikubali. Kama ni mtandao wa ofisi na unaruhusiwa kubadilisha, urudishe Private. Usizime fayawoli nzima. Watu wanaizima "kujaribu tu" halafu hawairudishi, miezi mitatu baadaye unaikuta bado imezimwa.

SIMAMA HAPA: ukishajua ni fayawoli ya katikati umemaliza kazi yako. Usiunganishe kompyuta ya ofisi kwenye hotspoti ya simu ili upite pembeni huku kebo ya ofisi imechomekwa, hapo umeungia mtandao wa ndani na dunia nzima kupitia bando lako la jioni. Waombe wafungue hiyo njia, kutoka IP hii kwenda IP hii poti hii, inaweza kuchukua dakika kumi kama mhusika yupo.

Dalili ya 2: inaunganisha halafu inakataa pasiwedi au ufunguo

"Permission denied". Ukiingiza pasiwedi mara tatu ikakataa, acha. Seva nyingi zinafunga akaunti ukizidisha majaribio na sasa utakuwa na matatizo mawili.

Cha kwanza jina la yuza. Usipolitaja, programu inatuma jina unalotumia kwenye kompyuta yako, kwa hiyo wewe unadhani unaingia kama "uhasibu" kumbe unaingia kama "HP". Linux nayo inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye jina, Juma sio juma. Cha pili Caps Lock. Cha tatu pasiwedi imeisha muda, kwenye ofisi zenye sera ya kubadilisha kila baada ya siku kadhaa hii ni ya kawaida kabisa.

Kama unatumia ufunguo (jozi ya mafaili, la siri linabaki kwako na la wazi linawekwa kwenye seva) badala ya pasiwedi, utaona neno publickey mwishoni mwa hilo kosa. Hapa ndio pana mambo. SSH ni mkali, ikiona faili lako la ufunguo wa siri linasomeka na watu wengine inalikataa na kuandika "UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE". Kwenye Linux tiba ni `chmod 600` kwa ufunguo na `chmod 700` kwa folda ya .ssh, na huko kwenye seva folda ya nyumbani ya yuza isiwe inaandikika na kundi. Kwenye Windows lipo shimo ambalo limewameza mafundi wazuri tu: kama yuza wa upande wa pili ni adimini, seva ya OpenSSH kwa seti yake ya kawaida haisomi authorized_keys (faili la funguo zinazoruhusiwa) ya kwenye folda yake ya nyumbani, inasoma `C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys`. Unaweka ufunguo mahali ambapo vitabu vyote vinasema uweke, na haukubali, unaanza kujiona huna akili.

Pia PuTTY na WinSCP wanatumia ufunguo wa .ppk wakati OpenSSH ina mtindo wake, ukibadilisha programu badilisha na faili kwa kutumia PuTTYgen. Na kama ufunguo ulikuwa unakubali miaka yote halafu seva ikapigwa apdeti ukaanza kukataa, uwezekano ni saini za zamani za funguo aina ya RSA zinazotumia hesabu ya kale ya SHA-1, OpenSSH toleo la 8.8 la mwaka 2021 liliacha kuzikubali. Pandisha toleo la programu yako, au tengeneza ufunguo mpya kwa `ssh-keygen -t ed25519`. Utakutana na watu wanashauri uilegeze seva ikubali vya zamani. Hao waache.

Ukikwama andika `ssh -v` mbele ya anwani, itakusimulia hatua zote na ufunguo gani imejaribu. Maelezo ni mengi, we angalia mistari ya mwisho kumi.

Dalili ya 3: onyo kubwa lenye herufi kubwa, "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!"

Hili ndilo ambalo watu wanalipita kama tangazo la biashara. Maana yake: seva uliyoizoea leo imekuja na kitambulisho kingine. Mara nyingi sababu ni ya amani, seva imewekwa upya, au IP yake amepewa mashine nyingine. Lakini sababu ya tatu, ambayo ni nadra, ni kwamba kuna mtu amekaa katikati na anajifanya yeye ndio seva akusanye mafaili na pasiwedi. Kwenye skrini zote tatu zinafanana.

Kwa hiyo usifute kwanza. Mpigie mwenye seva, kwa namba uliyokuwa nayo siku zote sio ile iliyokuja kwenye meseji leo asubuhi, muulize kama wamebadilisha kitu. Akisema ndiyo, akae mbele ya seva aandike

`ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`

akusomee hiyo fingaprinti (alama fupi ya kitambulisho cha seva) inayoanza na SHA256, ulinganishe na iliyo kwenye skrini yako, herufi kwa herufi. Zikilingana futa ya zamani kwa `ssh-keygen -R` ikifuatiwa na jina au IP ya seva, endelea na kazi. Kama yako inaonyesha aina nyingine mfano RSA, asome faili la aina hiyo, vinginevyo mtalinganisha embe na zabibu.

SIMAMA HAPA: akisema "sisi hatujabadilisha chochote", toa mikono kwenye kibodi. Hakuna faili la haraka kiasi hicho. Waite watu wa usalama wa mtandao na usizime kompyuta mpaka wafike.

Dalili ya 4: linaanza vizuri halafu linakwama njiani

Hii ndio inaniletea simu nyingi kutoka wilayani. Kulikuwa na dada mmoja wa takwimu, ofisi siitaji, anatuma faili la GB 6 kuja mjini, linafika asilimia 40 linakufa, anaanza upya, siku tatu. Tuliangalia kila kitu. Kumbe leptopu yake ilikuwa inalala baada ya dakika 15 akienda kunywa chai. Basi hapo ndio pa kuanzia: zuia kulala, chomeka chaji, na tumia kebo kama ipo badala ya waifai.

Umeme ukikatika au laini ikiyumba, dawa ni kutuma kwa njia inayojua ilipoishia. `rsync -avP` kupitia SSH inabakiza kipande kilichofika na kuendelea hapo hapo. WinSCP kwa SFTP inahifadhi faili likiwa na mkia wa .filepart na inajua kuendelea. Ukivuta na kudondosha kwenye folda ya mtandao tu, kila ukikatika ni mwanzo.

Disk ya upande wa pili kujaa, angalia na `df -h`, na kumbuka kuna kiwango cha yuza pia, disk inaweza kuwa tupu ila wewe mgao wako umekwisha. Kama linakatika kila baada ya muda ule ule, tuseme dakika 5 ukiwa umekaa kimya, ni fayawoli inafunga laini isiyo na shughuli, weka `ServerAliveInterval 60` kwenye seti zako za SSH.

Sasa hii ya chini ni ya ajabu kidogo. Unaingia vizuri, mafaili madogo yanaenda, ukituma kubwa linaganda kwenye sifuri, au hata ukiorodhesha folda lenye vitu vingi linaganda. Hiyo nenda moja kwa moja kwenye MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti (kipande cha data) inayoweza kupita, hasa mkiwa mnapita kwenye VPN. Pakiti ya kawaida ni baiti 1500, VPN inaongeza koti lake juu, pakiti inakuwa nene haipiti mlangoni, na kwa sababu kuna fayawoli imefunga zile taarifa za ICMP, ujumbe ambao mtandao unatoa kukiwa na tatizo, hakuna anayekwambia upunguze. Pima kwenye Windows:

`ping -f -l 1472 10.0.5.20`

Hiyo 1472 ukijumlisha 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500. Ikikataa shuka 1400, 1372, 1300, mpaka ikubali, chukua namba iliyokubali jumlisha 28, ndio MTU inayopita. Ila hapa ping ikiwa imefungwa kipimo hiki hakitakusaidia. Ukishapata namba mpelekee anayesimamia VPN, usianze kubadilisha kadi za mtandao za ofisi nzima mwenyewe.

Dalili ya 5: flashi haisomi

Vumbi. Sicheki, Dodoma kiangazi vumbi linaingia kwenye poti za USB na za kebo ya mtandao, jaribu poti nyingine, puliza. Kama inasoma kwenye kompyuta ya nyumbani na ya ofisi inakwambia "Access is denied", imekatazwa, na hapo hakuna cha kutengeneza. Kuna mafundi mtaani watakufungulia kwenye regista (mahali Windows inapotunza seti zake) kwa elfu tano. Usifanye. Stuxnet, kirusi kilichogundulika 2010 baada ya kuharibu mitambo ya nyuklia ya Iran iliyokuwa haijaunganishwa na intaneti, kinaaminika kiliingizwa kwa flashi.

Kama flashi inaruhusiwa na faili kubwa linakataa kwa kusema ni kubwa mno wakati nafasi ipo, flashi imefomatiwa FAT32 ambayo haibebi faili la GB 4 na kuendelea. Kopi vilivyomo pembeni kisha fomati exFAT.

Kwa kompyuta zisizo na mtandao kabisa utaratibu ni huu: flashi maalum ya ofisi sio yako ya nyimbo, iskaniwe na antivirusi kwenye kompyuta ya pembeni kabla ya kuingia, faili lifungwe kwa 7-Zip ukichagua AES-256 (aina ya ufichaji) na kuficha majina ya mafaili, na pasiwedi isisafiri na flashi. Mpigie mpokeaji umtajie. Nimewahi kupokea bahasha, flashi ndani, na karatasi ya pasiwedi imebanwa nayo na pini.

Dalili ya 6: folda la kushea halionekani, au skana haitumi

Hapa mwathirika mkubwa ni fotokopi. Ilikuwa inaskani na kutupa kwenye folda la kompyuta ya masjala, siku moja Windows imewekwa upya, basi. Sababu ya kawaida, mashine ya zamani inajua SMB1 tu, toleo la kale la njia ya Windows ya kushea mafaili, na Windows 10 kuanzia toleo la 1709 haiweki seva ya SMB1 kwenye usakinishaji mpya. Angalia kama mtengenezaji ana apdeti ya mashine, au iweke itume kwa SFTP ikiwa inaweza. Usiiwashe SMB1 tena, WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kwa kupitia tundu la humo.

Sababu nyingine ni folda lililowekwa liingiwe na yeyote bila pasiwedi. Windows mpya zinakataa wageni wa namna hiyo, zinaandika kwamba sera za usalama zinazuia "unauthenticated guest access". Tengeneza yuza mwenye pasiwedi kwenye kompyuta yenye folda, mpe ruhusa kwenye folda hilo tu, ingia kwa jina lake. Ikiwa bado, pima poti 445, ile ya kushea mafolda, kama tulivyopima 22.

Dalili ya 7: faili limefika ila halifunguki

Linganisha kwanza hash, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lote, kabla ya kumlaumu aliyetuma. Kwenye Windows `certutil -hashfile ripoti.zip SHA256`, kwenye Linux `sha256sum ripoti.zip`, kila upande, na mtajiane herufi chache za mwanzo na za mwisho kwa simu. Zikitofautiana faili halijafika lote, au ile FTP ya kale imelituma kama maandishi badala ya binari na kuliharibu. Zikilingana, faili lilikuwa bovu tangu kule, na mara nyingi ni kwa sababu lilikopiwa likiwa limefunguliwa. Data za mfumo wa uhasibu au wa wagonjwa usizikopi mfumo ukiwa unaandika, toa bakapu kwa njia ya mfumo wenyewe ndio uitume hiyo. Kama huna bakapu na faili la asili limeshafutwa, usiandike kitu kingine chochote kwenye disk hiyo, izime umpelekee mtu wa kurejesha data.

Na ile ya "nimeona inasumbua nikaituma WhatsApp". Orodha ya wagonjwa, mishahara, namba za NIDA, hizo ni taarifa binafsi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Ikishatoka kwenye simu yako huwezi kuirudisha, na kama imeshatoka mwambie mkuu wako leo leo, usisubiri aone mwenyewe.

Ukimpigia fundi, kuwa na hivi mkononi: IP zote mbili, poti, saa lilipotokea ili aangalie kwenye kumbukumbu za seva, picha ya skrini isiyoonyesha pasiwedi, na nini kilibadilika tangu mara ya mwisho ilipokubali. Hilo la mwisho mtu atakwambia "hakuna", muulize tena taratibu, utasikia juzi walikuja watu kubadilisha rauta.